Mkono Usiosikia Moto

Wiki iliyopita mahubiri ya radio yetu yalitoka katika Marko 1:40-45, habari ya mtu mwenye ukoma aliyekuja kwa Yesu akapiga magoti, na Yesu akanyoosha mkono akamgusa. Baada ya kipindi simu ya studio ilijaa ujumbe. Wengi walitoa shukrani, wengine waliomba tuwakumbuke katika maombi. Msikilizaji mmoja wa kule milimani, upande wa Fizi, aliuliza jambo ambalo mhubiri hakulifikia: yule mtu alipoguswa, je, yeye mwenyewe aliusikia ule mkono? Maana amesikia watu wakisema ukoma unaua ngozi.

Swali hilo lilitusumbua siku nzima. Mhubiri alisema ni swali la muuguzi, muuguzi akasema ni swali la mhubiri. Ndiyo sababu karatasi ya wiki hii haina mahubiri mapya. Ina maelezo juu ya kugusa: ngozi inasikiaje, na kunatokea nini inapoacha kusikia. Mwishoni tutalirudia swali.

Kiswahili chetu kimekwisha kutupa mwanzo mzuri. Tunasikia wimbo kwa masikio, lakini pia tunasikia baridi, tunasikia maumivu, tunasikia mchanga ndani ya kiatu. Ngozi nayo ni sikio, tena kubwa kuliko yote. Ya mtu mzima, kama ingetandazwa chini, ingekaribia meta mraba 2. Ndani yake zimeenea ncha za neva, nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazopeleka habari kwenye uti wa mgongo na kutoka huko kwenye ubongo. Lakini hazikutawanywa sawasawa.

Unaweza kulihakikisha hilo nyumbani jioni hii. Vunja vijiti viwili vya ufagio. Mwambie mtoto afumbe macho, kisha mguse ncha ya kidole kwa vijiti vyote viwili kwa wakati mmoja, vikiachana kwa milimita 4 tu. Atakuambia ni viwili. Sasa mguse mgongoni kwa nafasi ileile, naye ataapa kwamba ni kimoja. Utaviachanisha, na kuviachanisha tena, mpaka karibu sentimita 4 ndipo aseme ni viwili. Mjerumani Ernst Weber alipima hivyo mwili mzima na kuandika matokeo yake mwaka 1834, na wauguzi wanaipima neva kwa njia hiyo hadi leo. Kiganja kimoja cha mkono kina vipokezi vya mguso kama 17,000, na vimesongamana zaidi kwenye ncha za vidole. Mgongo umepewa kidogo.

Vipokezi hivyo havifanyi kazi moja. Kuna vinavyosikia ukingo wa kitu na umbo lake: ndivyo vinavyomwezesha mama wa soko la Baraka kujua ndagala zimekauka vizuri au bado, kwa kuzifinya tu huku akiongea na mteja mwingine. Kuna vinavyosikia ngozi ikivutwa. Kuna vinavyosikia kitu kikianza kuteleza. Kikombe chenye maji kinapotaka kukuponyoka, vidole vinabana kabla hujawaza. Na kuna vingine vilivyolala ndani zaidi, vyenye tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, ambavyo Mwitalia Filippo Pacini alivieleza katika karne ya 19. Hivyo kazi yao ni mtetemo. Mvuvi aliye ziwani usiku, kamba ya wavu ikipita mkononi, haoni samaki hata mmoja. Anajua kilichomo kwa mtetemo wa kamba, na ni vile vitunguu vidogo vinavyomwambia.

Habari ya mguso inakimbia haraka, meta 50 na zaidi kwa sekunde. Habari ya maumivu ina njia mbili: moja ya haraka kiasi, na nyingine ya polepole kabisa, kama meta 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea. Jigonge kidole cha mguu kwenye jiwe, utaona. Kwanza unajua kwamba umejigonga. Unapata hata nafasi ya kusema "aaa!" Ndipo maumivu yenyewe yanafika, mazito. Na mama anapomwambia mtoto aliyeanguka, "Njoo nikusugue," hamdanganyi. Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama mlango, na habari ya mguso ikipita kwa wingi, habari ya maumivu inazuiwa mlangoni. Baadaye wataalamu waliongeza na kusahihisha mengi, lakini jambo la msingi limebaki: kusugua kunapunguza maumivu.

Kuna tena nyuzi nyingine za polepole ambazo hazina habari ya maumivu wala ya ukingo wa kitu. Ziko kwenye ngozi yenye malaika, kama mikononi na mgongoni, na zinaamka zaidi mkono wenye joto unapopita juu yake taratibu, sentimita chache kwa sekunde. Ni mwendo uleule wa mama anayembembeleza mtoto alale, bila mtu kumfundisha. Wataalamu wa Uswidi ndio waliozifuatilia kwa miaka mingi. Kwa hiyo mtu aliyefiwa, anapokuja dada wa kanisa akampapasa mgongo bila kusema neno, mwili wake una nyuzi zake maalumu za kupokea hilo.

Sasa tuje kwenye moto, kwa sababu moto ndio utakaotufikisha kwenye ukoma.

Kwa nini pilipili inaunguza? Haina joto. Ukiishika sokoni ni baridi kama nyanya. Mmarekani David Julius aliifuata pilipili ili kuupata mlango wa joto ndani ya neva, na mwaka 1997 yeye na wenzake wakautangaza: ni kitu kidogo sana kwenye ncha ya neva, kinachofunguka joto likifika karibu nyuzi 43, pale ambapo joto linaanza kuwa hatari. Dawa iliyomo ndani ya pilipili inaufungua mlango huohuo. Ubongo haujui tofauti, unapata habari moja tu, "moto!" Ndiyo maana mtu aliyekula pilipili kali anatoka jasho kama aliyekaa karibu na jiko.

Mwaka 2021 Julius alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Huyu wa pili alizaliwa Beirut, Lebanoni, katika familia ya Waarmenia, akakimbia vita akiwa kijana wa miaka 18 na kuanza upya Marekani. (Wengi wetu tuliovuka ziwa kwenda Kigoma na kurudi tunaijua safari ya namna hiyo.) Yeye na wenzake walichukua seli inayosikia kuguswa, wakawa wanazima jeni zake moja baada ya nyingine na kuigusa kwa kisindano cha kioo. Walikuwa na orodha ya jeni 72. Seli ikaendelea kusikia, ikaendelea kusikia, mpaka walipofika mwisho wa orodha ndipo ikanyamaza. Hivyo wakaupata mlango wa mguso. Wako watu wachache duniani waliozaliwa bila mlango wa aina hiyo unaofanya kazi: mchana wanatembea kwa kuitazama miguu yao, lakini uwafunge macho, hawajui mkono wao uko wapi na wanaweza kuanguka.

Hao walizaliwa hivyo. Ukoma unamkuta mtu aliyekuwa anasikia vizuri, unamwibia kidogo kidogo, na haumpi taarifa.

Niruhusu nieleze jambo ambalo nililiona kwa macho yangu na ambalo bado linanipa aibu. Katika kanisa moja ambalo sitalitaja, kulikuwa na semina ya siku tatu, na akina mama walikuwa wanapika bukari na sombe kwa ajili ya wageni. Dada mmoja wa kwaya alikuwa akiipua sufuria kubwa motoni kwa mikono mitupu. Wenzake wanatafuta kitambaa, yeye ameshaiweka chini. Tulicheka, tukamsifu, tukasema ana mkono wa chuma. Mmoja wetu alisema kwa utani kwamba huo ni upako. Hakuna aliyemwuliza kwa nini hasikii moto. Kwenye mkono wake palikuwa na baka lililofifia rangi, pana kama jani la mchungwa, na alikuwa nalo kwa muda mrefu. Haliwashi, haliumi, hivyo nani angelijali?

Baadaye vidole viwili vya mwisho, cha pete na kile kidogo, vilianza kujikunja. Ndipo watu wakashtuka, na maneno yakaanza: ni laana ya ukoo wa mume, ni mtu wa jirani mwenye wivu. Alipelekwa kwenye chumba cha maombi, akafunga, akapakwa mafuta. Karibu miaka miwili ilipita hivyo. Kituo cha afya alikifikia kwa sababu nyingine kabisa, kidonda cha kuungua kilichokataa kupona, na muuguzi alipokunja kiwiko chake akapapasa nyuma ya mfupa, alikuta neva imevimba, nene kama kamba. Aliuliza swali moja tu: "Mama, hapa unasikia?"

Mikrobi ya ukoma iligunduliwa na Mnorwe Gerhard Armauer Hansen mwaka 1873. Inazaa polepole sana. Mtu anaweza kukaa nayo miaka 5, wakati mwingine hata 20, kabla ya dalili kuonekana. Inapenda sehemu za mwili zilizo baridi na neva zilizo karibu na ngozi: kiwiko, kifundo cha mkono, nyuma ya goti, uso. Inaingia ndani ya seli zinazozifunika neva na kuziharibu. Kwanza mtu anapoteza habari ya joto na baridi, halafu maumivu, halafu mguso. Misuli inadhoofika baadaye, na hapo ndipo vidole vinajikunja au kope zinakataa kufumba.

Mikrobi haili vidole. Hilo watu wengi hawalijui, na kwa muda mrefu hata madaktari hawakulijua. Aliyeliweka wazi ni Paul Brand, daktari aliyezaliwa India na wazazi wamisionari mwaka 1914, akaenda kufanya kazi katika hospitali ya Vellore huko India kuanzia 1946. Siku moja kufuli lenye kutu lilimshinda yeye mwenyewe. Mtoto mwenye ukoma akaja, akazungusha ufunguo, kufuli likafunguka. Brand akashangaa nguvu za yule mtoto mdogo, kisha akaona damu: ufunguo ulikuwa umemkata kidole, naye hakujua. Wagonjwa wengine walikuwa wanaamka asubuhi sehemu ya kidole haipo, na ikabidi watu wakeshe ili kugundua sababu. Ni panya. Walikuwa wanatafuna vidole vya watu waliolala, na hakuna aliyeamka. Tangu hapo mgonjwa anayerudi nyumbani alipewa paka.

Brand alijaribu hata kutengeneza maumivu ya bandia, vifaa vya kuvaa mkononi vinavyotoa sauti mtu akibana kitu kupita kiasi. Vilishindwa. Kifaa kikilia, mtu alikizima aendelee na kazi yake. Maumivu ya kweli hayana mahali pa kuyazima, na Brand alikwisha kuyahesabu kuwa zawadi.

Hapa najua msomaji ana swali lake moyoni: je, tukimgusa mwenye ukoma tutaupata? Tumepitia miaka ya kuogopa mikono. Agosti 2019 Ebola ilifika Mwenga, jirani zetu kabisa; mwaka 2020 ilikuja Kovidi; mwaka 2023 mpox ilianza kuenea Kamituga. Mara tatu tumeambiwa tusipeane mikono kanisani, na ushauri huo ulikuwa wa haki. Ebola inapita katika majimaji ya mgonjwa, na mpox inapita ngozi kwa ngozi. Ukoma sivyo. Unapita katika matone ya pua na mdomo ya mgonjwa ambaye hajaanza dawa, kwa kukaa naye karibu kwa muda mrefu, miezi na miezi. Haupiti kwa kupeana mkono, wala kwa kukumbatiana, wala kwa kula sahani moja. Watu walio wengi sana miili yao inaushinda yenyewe. Na mgonjwa akianza dawa, muda mfupi tu haambukizi tena mtu yeyote.

Zamani dawa haikuwepo, ndiyo maana walitengwa. Mwaka 1931 mmisionari daktari Leonard Sharp alianzisha makao ya wenye ukoma kwenye kisiwa cha Bwama, katika ziwa Bunyonyi, Uganda. Hapa Kongo, daktari Mbaptisti Stanley Browne aliyefika Yakusu, karibu na Kisangani, mwaka 1936, aliwahudumia wengi kwenye kambi ya Yalisombo. Leo kisiwa hakihitajiki. Tangu 1981 Shirika la Afya Duniani limeshauri dawa za kuchanganya, na tangu 1995 zinatolewa bure dunia nzima: miezi 6 kwa mwenye mabaka machache, miezi 12 kwa mwenye mengi. Unakunywa nyumbani kwako. Usiogope mkojo ukiwa mwekundu au ngozi ikizidi weusi. Ni dawa zenyewe, na hali hiyo inapita. Kuna walioziacha kwa hofu hiyo tu.

Nchi yetu ilitangazwa mwaka 2007 kuwa imepunguza ukoma chini ya mgonjwa 1 kwa watu 10,000, na wengine wakaelewa kwamba umekwisha. Haukwisha. Kongo bado ni kati ya nchi zenye wagonjwa wapya wengi kila mwaka. Kwa hiyo baka lililofifia au jekundu, lisilowasha na lisilosikia, lipeleke kituo cha afya, uwe katika zoni ya Fizi, Nundu au Kimbi-Lulenge. Ukiwa mbali, anza na reko wa kijiji chako. Muuguzi atakufumba macho, atagusa kwa pamba, nawe utaonyesha kwa kidole mahali alipogusa. Ganzi ya miguu inaweza pia kuwa sukari, nayo ina dawa zake. Na usichelewe: neva iliyoumia chini ya miezi 6 mara nyingi inaweza kurudishiwa kusikia, iliyokufa miaka miwili hairudi. Wachungaji wetu, mkimwombea mtu kama huyo, mwombeeni, kisha msindikizeni kituoni siku hiyohiyo. Yesu mwenyewe alimtuma yule mtu kwa kuhani akachunguzwe.

Dada yetu alimaliza dawa. Anapika, lakini sasa anashika sufuria kwa vitambaa vilivyokunjwa mara mbili, na kila jioni anakagua mikono na miguu kwa macho, kidole baada ya kidole, kwa sababu ngozi haitamwambia. Anaimba kwaya, mstari wa mbele.

Turudi kwa ndugu wa milimani. Kwanza, neno ukoma katika Biblia ni pana. Mambo ya Walawi 13 na 14 inalitumia hata kwa nguo na kuta za nyumba, kwa hiyo hatuwezi kujua kwa hakika yule mtu alikuwa na ugonjwa gani wa ngozi. Lakini tuseme ulikuwa huu wa Hansen. Marko hasemi aliguswa wapi. Kama ni kwenye baka, hakusikia kitu. Aliona tu mkono ukija. Ila mikrobi hii inakimbia joto. Mara nyingi inaacha kwapa, inaacha katikati ya mgongo, na inaacha ngozi ya kichwa chini ya nywele. Mtu aliyepoteza vidole vyote, ukimwekea mkono kichwani, kwa kawaida bado anausikia.